Kishikwambi au kompyuta iliyotumika? Mambo ya kupima kabla ya kulipa

Mwenye simu nzuri na akiba kidogo mkononi mara nyingi huishia kuchagua kati ya vitu viwili: kishikwambi kipya au kompyuta mpakato iliyotumika. Bei zake hukaribiana, na dukani kishikwambi ndicho kinachovutia kwa sababu kinang'aa na hakina mikwaruzo. Msimamo wangu nauweka mapema. Kama unanunua ili uandike kwa saa nyingi, kompyuta iliyotumika inashinda karibu kila mara. Kama unanunua ili usome, utazame, uchore, ujaze fomu ukiwa umesimama, au mtoto apate masomo yake, kishikwambi kinashinda, mradi usiuziwe cha uongo. Na vya uongo ni vingi, ndiyo maana sehemu kubwa ya andiko hili inahusu ukaguzi.

Kioo kikubwa kinakupa nini hasa

Ukubwa wa kioo hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Kwa msomaji wa PDF, kipimo hicho hakisemi mengi. Kinachomhusu ni upana, kwa sababu ukurasa hubanwa mpaka utoshee upana wa kioo.

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Simu ya inchi 6.5 ina upana wa kama milimita 68, kwa hiyo herufi zilizochapwa kwa ukubwa wa 12 zinashuka hadi karibu 4, na msomaji anabaki kuusukuma ukurasa kushoto na kulia kila mstari. Kishikwambi cha inchi 8.7, kama Samsung Galaxy Tab A9, kina upana wa milimita 113 hivi: herufi ya 12 inakuwa 6.5, sawa na maandishi ya kikaratasi kilichomo ndani ya boksi la dawa. Cha inchi 11, kama Tab A9+, kinafika milimita 148, na herufi inakuwa 8.5. iPad ya inchi 10.9 ina umbo la kukaribia mraba, kwa hiyo inafika milimita 158 na herufi inakuwa 9, ingawa kwa inchi inaonekana ndogo kuliko A9+.

Hapo ndipo uamuzi wa ukubwa unapotoka. Anayesoma riwaya na vitabu vya EPUB atatosheka na inchi 8, kwa kuwa maandishi ya EPUB hujipanga upya kufuata kioo na unaweza kuyakuza upendavyo. Anayesoma PDF zilizoskaniwa, mitihani ya miaka iliyopita, vitabu vya sheria au michoro ya umeme aanzie inchi 10 kwenda juu. Kununua cha inchi 7 kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo ni kumnunulia simu kubwa.

Angalia na idadi ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha. Kioo cha inchi 10.1 chenye pikseli 1024 kwa 600 kina pikseli 117 tu kwa kila inchi, na herufi ndogo huonekana zimechanika kingo. Pikseli 1280 kwa 800 kwenye ukubwa uleule hufika 149, ambazo zinavumilika. Tab A9+ ina 206, iPad ina 264. Kwa kusoma kila siku, chini ya 149 usishuke.

Kuna kazi ambazo kishikwambi huzifanya vizuri kuliko kifaa kingine chochote. Tanzania ilifanya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 kwa vishikwambi, na Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2019. Sababu inaeleweka: karani anasimama mlangoni, anashika kifaa kwa mkono mmoja, anagusa jibu kwa mwingine, na programu inakataa umri usiowezekana palepale. Baada ya sensa, vishikwambi vya Tanzania viligawiwa kwa walimu. Watafiti na mashirika hutumia KoboCollect au ODK Collect kwa mtindo huohuo. Zote mbili ni programu za Android, kwa hiyo anayetaka kazi za ukusanyaji takwimu asinunue iPad. Kobo hufunguka kwenye kivinjari cha iPad, lakini mfumo mzima wa kazi hizo umejengwa juu ya Android.

Kaunta ya duka, daftari la mahudhurio, kwaya inayosoma nota, sheikh au mchungaji anayefungua aya haraka, fundi anayefuata mchoro akiwa chini ya gari: kote huko kishikwambi ni sahihi.

Kinapokwamia

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi linahusu Word na Excel. Microsoft huruhusu kuhariri bure kwenye programu zake za simu na vishikwambi pale tu kioo kinapokuwa na inchi 10.1 au pungufu. Ukinunua kishikwambi cha inchi 11 kwa nia njema ya kupata nafasi zaidi, nyaraka zitafunguka kwa kusomwa tu mpaka ulipie Microsoft 365. Njia ya kuzunguka ni kutumia Google Docs na Google Sheets, ambazo ni bure kwa ukubwa wowote na hufanya kazi bila intaneti ukiwasha chaguo hilo mapema. Lakini hati yenye majedwali mengi na namba za kurasa zinazoanzia katikati ikipita huko hutoka imevurugika kidogo. Anayeandika tasnifu ataligundua hilo siku ya kuchapisha.

Macro za Excel, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, hazifanyi kazi kabisa, si kwenye Android wala kwenye iPad. SPSS haipo. QuickBooks ya kusakinishwa haipo, Tally haipo, AutoCAD kamili haipo. Mhasibu, mhandisi au mwanafunzi wa takwimu anayeambiwa kishikwambi "ni kama kompyuta" anadanganywa.

Miamala ya simu ni kikwazo kingine. iPad yenye nafasi ya laini hutumia laini hiyo kwa intaneti tu. Haina kibodi ya kupigia, kwa hiyo menyu ya M-Pesa ya *150*00# huwezi kuipiga, na ujumbe mfupi wa kawaida wenye namba ya uthibitisho hauingii. Vishikwambi vingi vya Android vyenye laini hupiga na kupokea, ila si vyote. Jaribu dukani kwa laini yako mwenyewe: piga menyu ya salio na ujitumie SMS. Na laini yoyote utakayoweka humo Tanzania inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA kama laini ya simu. Muuzaji akikupa kifaa chenye laini tayari, itoe.

Walimu wajue hili pia. Mlango wa USB-C wa vishikwambi vingi vya bei ya kati ni wa USB 2.0 usiotoa picha. Waya wa USB-C kwenda HDMI utauchomeka na projekta itabaki nyeusi, waya ukiwa mzima kabisa. iPad ya kizazi cha 10 ya mwaka 2022 na ile ya A16 ya mwaka 2025 hutoa picha kwa mlango huo. Kwenye Android utafute sifa zinazotaja wazi kutoa picha kwa USB-C, au ukubali kurusha bila waya kwa kifaa kilichochomekwa kwenye projekta.

Sasa hesabu ya uandishi. Tab A9+ ina gramu 480. Ongeza kava lenye kibodi, ambalo mara nyingi lina gramu 400 hadi 500, na umekaribia kilo moja. Kompyuta ndogo kama ThinkPad X280 inaanzia kilo 1.13, ina kibodi halisi, na haihitaji kusimamishwa mezani kwa mguu wa kava unaoteleza. Kibodi za Bluetooth za bei ndogo zina tatizo lake: hulala baada ya dakika chache na kumeza herufi za kwanza unaporudi kuandika.

Ukiamua kwenda upande wa kompyuta iliyotumika, kuna mpaka mmoja wa kukumbuka. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Kwa hiyo ThinkPad X280 na T480 zenye prosesa ya kizazi cha 8 zinapita, X270 na T470 hazipiti, ingawa kwa nje zinafanana na bei zake mezani hutofautiana kidogo. X280 ina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, kwa hiyo ya GB 4 itabaki GB 4 milele. Chukua ya GB 8 au zaidi. T480 ina nafasi mbili za RAM, unaweza kuongeza baadaye.

Gharama ambazo hazimo kwenye boksi

Intaneti ndiyo ya kwanza. Cha waifai pekee ni rahisi kununua, lakini nje ya nyumba kitaishi kwa hotispoti ya simu yako. Tatizo la hotispoti si kasi. Kuna wakati kishikwambi hakijui kwamba kiko kwenye bando la kulipia. Kinadhani kiko kwenye waifai ya bure. Kwa hiyo kinaanza kushusha masasisho ya programu zote, kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kucheza video kwa ubora wa juu. Bando la wiki linakwisha kabla ya chakula cha mchana. Dawa yake: kikishaunganishwa, gusa jina la mtandao huo kwenye mipangilio ya waifai na uuweke kuwa mtandao wenye kikomo cha data. Kwenye iPad, washa hali ya data kidogo ya mtandao huo huo. Kisha ingia Play Store na uchague masasisho kwa mkono.

Video nayo ina hesabu yake. Netflix yenyewe hutaja hadi GB 0.3 kwa saa kwa ubora wa chini, hadi 0.7 kwa wa kati, na hadi 3 kwa HD. Kwenye simu ungevumilia ubora wa chini. Kwenye inchi 11 jicho linadai zaidi, na matumizi yanapanda. Kinyume chake pia hutokea: umelipia HD na kishikwambi hakikupi. Hiyo ni kwa sababu huduma hizo hudai kiwango cha ulinzi wa video dhidi ya kunakiliwa kiitwacho Widevine L1. Vishikwambi vya bei ya chini huwa na L3, na hapo picha huishia kwenye ubora wa kawaida hata kioo kiwe kizuri vipi. Programu ndogo ya bure iitwayo DRM Info huonyesha kiwango hicho kwa sekunde chache.

Umeme. Betri ya mAh 7040, kama ya Tab A9+, hubeba nishati ya takriban Wh 27, wakati ya simu ya mAh 5000 ni Wh 19. Tab A9+ hupokea hadi wati 15. Ukiichaji kwa chaja ndogo ya volti 5 na ampea 1, ambayo ni wati 5, hesabu tupu ni saa tano na nusu, na kwa upotevu wa joto inafika saa sita au saba, tena kikiwa kimezimwa kioo. Ukikitumia huku kinachajiwa kwa wati 5, asilimia huenda isisogee kabisa. Wanaotegemea sola ndogo za nyumbani waangalie mlango wa USB wa mtambo unatoa ampea ngapi kabla ya kununua kifaa cha inchi 11. Mingi imetengenezwa kwa simu na taa. Pawabenki ya kweli ya mAh 20,000 ina Wh 74, na baada ya upotevu inajaza kishikwambi hiki mara mbili hivi.

Kifaa kinachokaa kaunta kikiwa kimechomekwa usiku na mchana betri yake inaweza kuvimba. Dalili ya mapema ni kioo kuinuka upande mmoja au mwanga kuvuja pembeni. Usikibonyeze kirudi, usikichaji tena, mpelekee fundi. Samsung na wengine wameweka chaguo la kulinda betri linalozuia chaji isivuke asilimia 80 au 85. Kwa kazi ya kaunta liwashe siku ya kwanza.

Matengenezo yanatofautiana sana. Kwenye iPad za kawaida, kuanzia kizazi cha 5 hadi ile ya A16, kioo cha kugusa na kioo cha picha ni vitu viwili, kwa hiyo kikipasuka cha juu kinabadilishwa peke yake. Kwenye iPad Air 2 na zilizofuata, iPad mini 4 na zilizofuata, na iPad Pro zote, vimegandishwa pamoja. Ufa mdogo ni kubadilisha vyote. Kwa vishikwambi visivyo na jina, fundi hatafuti modeli. Anafungua na kusoma namba iliyochapwa kwenye utepe wa kioo cha kugusa, kisha anatafuta kioo chenye namba hiyohiyo. Ikikosekana sokoni, kifaa kimekufa kwa ufa wa shilingi chache. Ndiyo maana nasisitiza kava lenye kingo za mpira mnene siku ileile ya kununua, na kwa mtoto kava la sponji lenye mpini.

Kalamu

Kama unachora au unaandika kwa mkono, kalamu ndiyo inayochagua kishikwambi. Tab A9 na A9+ hazipokei S Pen, kalamu ya Samsung. Kalamu yenye ncha ya mpira itagusa tu kama kidole kinene. Tab S6 Lite inakuja na S Pen ndani ya boksi, na kalamu hiyo haihitaji chaji ili kuandika. Kwa mwanafunzi wa tiba au sheria anayeandika pembeni ya PDF hiki ndicho ningekitazama kwanza. Upande wa iPad, kizazi cha 6 hadi cha 9 hutumia Apple Pencil ya kwanza. Kizazi cha 10 na A16 hutumia ya USB-C, au ya kwanza kwa adapta. Ile ya USB-C haihisi nguvu ya mkono: mstari wa kukandamiza na wa kupapasa hutoka na unene mmoja. Kwa noti haina neno, kwa mchoraji ni hasara kubwa.

Vishikwambi vya uongo

Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, Luthuli Avenue jijini Nairobi, na zaidi kwenye kurasa za mauzo za mitandaoni, utakutana na boksi lililoandikwa inchi 10.1, 5G, RAM GB 16, hifadhi GB 512, kwa bei ya simu ya kawaida. Jiulize hivi: Tab A9+ ilipotoka Marekani ilianza kwa dola 219.99 ikiwa na RAM GB 4 na hifadhi GB 64. Hakuna kiwanda kinachotoa mara nne ya hapo kwa theluthi ya bei. Ndani ya boksi hilo mara nyingi mna RAM ya GB 2, hifadhi ya GB 32, na prosesa ya zamani. Mfumo umehaririwa ili ukurasa wa "Kuhusu kishikwambi" uandike namba za boksi.

Sakinisha programu ya CPU-Z au DevCheck dukani na usome majina ya viini vya prosesa. Ukiona viini vyote ni Cortex-A7, hiyo ni teknolojia ya zaidi ya miaka kumi iliyopita na mara nyingi haina hata 4G, achilia mbali 5G. Vyote vikiwa Cortex-A53 au A55, kitafungua video na WhatsApp ila kitakwama ukifungua kurasa nzito au programu mbili. Unachotaka ni angalau viini viwili vya A75, A76 au A78 pamoja na vile vidogo. Unisoc T606 na T616 zina A75 mbili, Helio G99 ya Tab A9 ina A76 mbili, Snapdragon 695 ya A9+ ina A78 mbili. Kanuni hiyo moja inachuja takataka nyingi kuliko namba zote za kwenye boksi.

Toleo la Android nalo huandikwa uongo. CPU-Z huonyesha namba ya API: Android 14 ni 34, 13 ni 33, 11 ni 30, 10 ni 29, 8.1 ni 27. Ukurasa ukisema 14 na API ikasema 27, ondoka. Tazama pia tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa nyuma kwa miaka miwili, hakuna anayekitunza kifaa hicho. Kisha fungua Play Store, ingia mipangilio yake, sehemu ya kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect. Kisichoidhinishwa kinaweza kukataliwa na programu za benki na za video.

Hifadhi bandia ina mtego mbaya zaidi kwa sababu haijitokezi siku ya kwanza. Ukishapita uwezo wake halisi, mafaili yanaonekana kwa majina lakini hayafunguki, na picha za zamani zinaanza kuharibika. Nenda na flashi ya USB-C yenye filamu kubwa za GB 40 hivi, nakili, halafu fungua ya kwanza na ya mwisho. Inachukua muda. Muuzaji wa kweli atakuruhusu ukae.

Kuhusu RAM iliyoandikwa "8+8", nusu ya pili ni hifadhi iliyoazimwa. Si uongo kamili, ila haiongezi kasi ya maana. Hesabu namba ya kwanza tu. Chini ya GB 4 halisi usinunue leo, hata kwa mtoto.

Aina mbili za mwisho si za uongo, ila huwashangaza wengi wanaoletewa na ndugu kutoka nje. Amazon Fire haina Play Store, na mara nyingi huonyesha matangazo kwenye kioo cha kufungulia. Huawei MatePad mpya hazina huduma za Google, kufuatia vikwazo vya Marekani vya mwaka 2019. Ni vifaa imara kwa kutazama na kusoma; kwa mwanafunzi anayetegemea Google Classroom ni usumbufu.

iPad za mtumba

iPad hudumu, na hapo ndipo ushawishi ulipo. Lakini wauzaji huita zote "iPad ya inchi 9.7" wakati chini ya jina hilo kuna vizazi kadhaa vyenye umri tofauti kabisa. Soma namba ya A iliyochongwa mgongoni. A1474 ni iPad Air ya mwaka 2013, iliyokwama iOS 12. WhatsApp na programu nyingi hazikubali humo. A1566 ni Air 2, imeishia iPadOS 15. A1822 ni kizazi cha 5, imeishia 16. A1893 ni kizazi cha 6, imeishia 17. Ukiingia kwenye zile za inchi 10.2, A2197 ni kizazi cha 7 na imeishia 18, wakati A2270 ya kizazi cha 8 na A2602 ya kizazi cha 9 zimepokea iPadOS 26. Hizo zote ni namba za aina ya waifai. Zenye laini zina namba zake. Kwa pesa yangu, kizazi cha 8 ndicho cha chini kabisa. Kumbuka pia kwamba iPad za waifai pekee hazina GPS, na hakuna iPad yenye nafasi ya memori kadi.

Kama mgongo umefutika, ingia Mipangilio, Jumla, Kuhusu. Namba ya modeli unayoiona huanza na herufi, na ukiigusa inabadilika kuwa ile ya A. Herufi ya mwanzo ina habari yake: M kiliuzwa kikiwa kipya, F kilikarabatiwa na Apple wenyewe, N kilitolewa kama mbadala wa kilichoharibika.

Hatari kubwa ni kufuli. Vishikwambi vingi vya mtumba vilikuwa vya shule na kampuni za Ulaya na Marekani, na bado vimeandikishwa kwenye mfumo wa usimamizi wa huko. Fundi anaweza kuuruka ukurasa huo, kifaa kikafanya kazi vizuri, kisha siku utakayokifuta upya kinauliza nenosiri la shule iliyoko maelfu ya kilomita. Android ina kufuli yake ya akaunti ya Google ya mwenye awali. Dawa ni moja kwa zote: kabla ya kulipa, kifutwe kabisa mbele yako, kiunganishwe na intaneti, na kianzishwe kwa akaunti yako hadi ukurasa wa nyumbani. Likitokea neno lolote kuhusu usimamizi wa mbali wa shirika au shule, au barua pepe usiyoijua, rudisha. Ahadi ya "tutakitoa kesho" usiikubali.

Afya ya betri haionekani kwenye mipangilio ya iPad hizo za zamani. Mafundi wengi wana programu ya 3uTools kwenye kompyuta. Chomeka iPad humo na usome asilimia ya uwezo na idadi ya mizunguko.

Ukiwa mbele ya kaunta

Fungua ukurasa mweupe kabisa, ongeza mwanga hadi mwisho, tafuta madoa na nukta. Kwenye ukurasa wa nyumbani shika ikoni moja uiburute polepole kwenye kila pembe bila kuinua kidole; ikianguka njiani, hapo kioo cha kugusa kina sehemu iliyokufa. Chomeka chaja na utikise waya kidogo. Cheza wimbo, kisha chomeka earphone zako kama mlango upo. Piga picha ya karatasi yenye maandishi, kwa sababu vishikwambi vingi havina taa ya kamera na picha za risiti ndani ya nyumba hutoka na kivuli. Toka nje kidogo uone kama kioo kinasomeka juani.

Chenye laini, piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, na uilinganishe na ya boksi. Tanzania, tuma namba hiyo kwenda 15090. Ujumbe utarudi ukitaja aina na modeli. Ujumbe huo ukitaja modeli tofauti na uliyoishika, IMEI imenakiliwa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, na kishikwambi chenye laini kinafuata utaratibu uleule. Cha waifai pekee hakina IMEI. Linganisha namba ya mfululizo.

Dai risiti ya EFD (Tanzania) au ya eTIMS (Kenya) yenye modeli kamili na namba hiyo ya IMEI au ya mfululizo. "Tablet 1" peke yake haitakusaidia kudai waranti. Uliza pia waranti ni ya nani: ya mtengenezaji, inayoheshimiwa na kituo chake cha huduma mjini kwako, au ya dukani, ambayo kwa kawaida ni ya siku saba hadi mwezi na haigusi kioo wala betri. Boksi na chaja yake vihifadhi mpaka waranti iishe.